Cheka, lakini kola usiivue

Mbwa aliyevaa kola ya plastiki akipita mtaani kwetu, kazi husimama. Fundi baiskeli huacha pancha yake, mama muuza mihogo husahau kuigeuza kwenye mafuta, na watoto hutoka mbio uani wakipiga kelele, "Dishi! Dishi linapita!" Mwenye mbwa huongeza mwendo huku macho yako chini. Siku chache baadaye ukikutana na mbwa huyo huyo, shingo iko tupu, na ukimwangalia tumboni utaona ameanza kuulamba mshono.

Nimeliona jambo hili Tabata, nimeliona Tegeta, na jamaa zangu wa Nairobi na Mombasa wananisimulia yale yale. Mnyama hufanyiwa upasuaji, daktari wa mifugo humfunga kola, majirani hucheka, mwenye mnyama huona haya, kola huvuliwa. Kisha hufuata usaha, sindano, na mara nyingine kaburi dogo nyuma ya nyumba.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kicheko hakina kosa. Mbwa au paka mwenye kola ile anachekesha kwelikweli, na anayejizuia kucheka anajinyima furaha ya bure. Kosa liko kwenye mkono unaoifungua kola kwa sababu watu wamecheka. Tucheke hadi mbavu ziume, na kola ibaki shingoni mpaka daktari aseme itoke.

Popi na geti

Jirani yetu ana mbwa jike wa rangi ya kahawia, Popi, aliyepelekwa kufungwa kizazi. Alirudi jioni bado ana usingizi wa dawa, kola imemzunguka kichwa na kuipita pua yake kidogo. Asubuhi dawa ilikuwa imekwisha mwilini, na mtaa ukapata burudani.

Geti la nyumba ile lina kimlango kidogo cha kupitia watu, na Popi amekuwa akikipita tangu alipokuwa mtoto. Safari hii ukingo wa kola ulikwama kwenye chuma cha fremu. Akarudi nyuma, akatafakari, akajaribu tena kwa kasi kubwa zaidi. Geti zima likalia, kuku wakatawanyika. Akarudi nyuma mara nyingine, akakitazama kile kimlango kwa muda mrefu, halafu akageuka na kukaa chini akiwapa mgongo watu wote waliokuwa barabarani.

Alipotaka kunusa ardhi, kola ilichota mchanga. Alipoinua kichwa, mchanga ukateremka hadi shingoni. Akajikung'uta, masikio yakapiga plastiki kwa kishindo, naye akageuka haraka kumtafuta aliyempiga. Hakumwona. Akajikung'uta tena, akageuka tena. Watoto walikuwa wameshakaa chini kwa kucheka.

Kilichonifurahisha kuliko vyote kilitokea wakati wa chakula. Nyumba ile ina jogoo mwizi. Kila siku Popi akiwekewa ugali na dagaa, jogoo husogea pembeni, hudokoa, hukimbia, hurudi, na Popi humaliza mlo wake kwa hasira zaidi kuliko kwa hamu. Siku ile Popi aliinamisha kichwa na kola ikaifunika sahani yote hadi chini. Jogoo akabaki nje. Akazunguka upande wa kushoto, akazunguka upande wa kulia, akadonoa plastiki, ko, ko, ko, akainamisha shingo kutafuta upenyo, akakosa. Popi akala taratibu mpaka punje ya mwisho. Mama mwenye nyumba alisema hajawahi kumwona mbwa yule akishiba bila ugomvi.

Paka naye ana vituko vyake. Hurudi kinyumenyume, akiamini kwamba akirudi vya kutosha atachomoka na kuiacha kola mbele yake. Hupita chini ya meza akitanguliza makalio, hugonga ukuta kwa mkia, husimama, huanza upya. Akichoka hujilaza hapo hapo alipofika, iwe ni mlangoni au katikati ya sebule, na kugoma kutikisika mpaka asikie harufu ya samaki.

Vituko hivi vina sababu. Sharubu za paka au mbwa humsaidia kuhisi vitu vilivyo karibu na uso wake, na kola huzizingira. Macho huona mbele, lakini pembeni kumezibwa. Sauti nazo zinaingia zaidi kwa mbele, na kila mkwaruzo wa plastiki unasikika masikioni ukiwa mkubwa. Hakuna lugha ya kumweleza kwamba kichwa chake kimeongezeka upana tangu jana. Lazima ajifunze kwa kugonga, na wengi hujifunza ndani ya siku moja au mbili. Popi alijua kabla ya jua kuzama: aliinamisha kichwa, akakilaza upande, akapenya kwenye kimlango. Watoto walimpigia makofi.

Aibu ni ya nani?

Mwaka 2009 kampuni ya Pixar ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo Up. Ndani yake kuna mbwa mwema, Dug, na kuna kiongozi wa kundi, Alpha, anayeadhibu wenzake kwa kuwavalisha koni shingoni. Katika filamu ile koni hiyo ni ya kumwaibisha mkosaji mbele ya kundi. Mzaha ule ulipendwa mno, na leo ukiingia kwenye zahanati nyingi za wanyama Marekani au Uingereza utausikia ukirudiwa na wateja na madaktari wenyewe.

Nami niliipenda filamu ile. Lakini wazo kwamba mbwa anaona aibu kwa sababu ya kola lina madhara, maana mtu anayeliamini huivua kola akidhani anamrudishia mbwa heshima yake. Mwaka huo huo wa 2009, Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha utafiti kuhusu ule uso ambao wenye mbwa huuita uso wa hatia: masikio chini, macho pembeni, mkia umebana. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula biskuti, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Uso ule ulitokea zaidi pale mbwa alipokaripiwa, hata kama biskuti hakuigusa. Mbwa alikuwa anamsoma bwana wake.

Sasa rudi mtaani. Mbwa amevaa kola, watu wanacheka, na mwenye mbwa anakunja uso, anavuta kamba, anakemea, anaharakisha. Mbwa akiinamisha masikio tunasema, "Maskini, anaona haya." Anaona haya ya nani? Yeye hana habari kwamba jirani amempiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Anachokiona ni kwamba mtu wake amekasirika, na hajui kwa nini.

Kijana mmoja aliniambia aliivua kola ya mbwa wake kwa sababu wenzake wa kijiweni walimuuliza mbwa anapata chaneli ngapi. Swali lile lilikuwa zuri, na lilistahili jibu zuri. Angewaambia anapata zote, na mpira wa Jumamosi ni bure, waje waangalie. Wangecheka pamoja, mbwa angetingisha mkia kwa kuona bwana wake amefurahi, na mshono ungebaki salama. Badala yake alirudi kwa daktari na mbwa aliyechanika, akalipa mara ya pili.

Ulimi si daktari

Nyumba nyingi zinaamini kwamba mate ya mbwa ni dawa. Imani hiyo ni ya zamani. Katika Injili ya Luka mbwa wanakuja kumlamba vidonda Lazaro maskini. Ina chembe ya ukweli pia, maana mate ya mbwa yana vitu vinavyoweza kuua baadhi ya bakteria, na mbwa wa porini mwenye mkwaruzo mdogo hufaidika kwa kuusafisha kwa ulimi. Mshono wa upasuaji ni jambo jingine kabisa. Vinywa vya mbwa na paka vina bakteria wengine, Pasteurella wakiwemo, ambao wakipata njia ya kuingia mwilini huleta uvimbe na usaha. Ulimi wa paka umejaa vijimiba vigumu vilivyoelekea nyuma, vya kuchania manyoya na kukwangulia nyama kwenye mfupa. Fikiria ulimi huo ukipita juu ya ngozi iliyoshonwa jana, usiku kucha, wakati nyumba nzima imelala. Na akimaliza kulamba, hutafuna uzi.

Jike anapofungwa kizazi daktari hupasua tumbo, huondoa ovari na mara nyingi mfuko wa uzazi pia, kisha hushona tabaka kwa tabaka: misuli kwanza, halafu sehemu ya chini ya ngozi, halafu ngozi yenyewe. Nyuzi za nje kwa kawaida hukaa siku 10 hadi 14. Taabu ni kwamba ngozi huonekana imeungana mapema, na hapo ndipo mwenye mbwa husema, "Mbona ameshapona?" Wahenga walimjibu zamani: mwenye kovu usidhani kapoa. Tabaka la ndani bado changa. Tena kidonda kinachopona huwasha, kwa hiyo hamu ya mnyama kukitafuna hupanda siku zile zile ambazo mwenye mnyama ameanza kulegea. Mshono ukiachia wote, utumbo unaweza kutoka nje.

Nimetaja tumbo kwa sababu ndilo tunaloliona zaidi, lakini kola hulinda na jicho. Mbwa mwenye kidonda kwenye mboni hulikwangua kwa ukucha wa mguu wa mbele, na mkwaruzo mmoja unaweza kumgharimu jicho lenyewe. Hulinda na sikio lililoshonwa, na mguu uliofungwa bandeji. Kipande cha plastiki chenye vifungo kinafanya kazi hiyo yote bila umeme, bila dawa, bila kulala.

Shingo za wakubwa, shingo za mbuzi

Waingereza huihusisha kola hii na Malkia Elizabeth I, aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, kwa sababu wakubwa wa zama zake walivaa shingoni duara pana la kitambaa cha lineni, limekunjwa mikunjo mingi na kukaushwa kwa wanga mpaka likasimama. Yale makubwa zaidi yaliwekewa fremu ya waya chini yake yasidondoke. Mtindo ulienea Ulaya, Ureno ikiwemo, na Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593 walitoka kwenye dunia hiyo hiyo ya shingo zilizozingirwa. Matajiri wale walivaa kitu hicho kwa hiari yao, wakakilipia, wakawaita wachoraji wawachore nacho. Leo tunaziona picha hizo kwenye vitabu vya historia na hatucheki. Popi amevaa cha kwake kwa siku chache na kwa sababu ya maana. Nani kati yao anastahili kuchekwa zaidi?

Na sisi wenyewe tuna vya kwetu. Mbuzi mharibifu hufungwa vijiti shingoni asipenye kwenye uzio wa shamba la mahindi, naye hutembea navyo kijiji kizima. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hakuna anayeifungua kamba hiyo eti kuku anachekwa. Kwa mifugo ya kijijini tunakubali haraka kwamba kifaa kina kazi yake. Mbwa wa mjini ndiye tunayemwonea haya, nadhani kwa sababu tumemfanya sehemu ya sura ya nyumba, pamoja na geti na rangi ya ukuta.

Dhiki ya kweli

Wanaopinga kola wana hoja moja nzito ambayo siwezi kuiruka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walichapisha majibu ya watu 434 ambao mbwa au paka wao walikuwa wamevaa kola. Asilimia 77.4 walisema maisha ya mnyama wao yalikuwa mabaya zaidi kipindi hicho. Walitaja shida ya kunywa maji, kushindwa kucheza, kujigonga, na wengine kuchubuliwa ngozi na kola yenyewe.

Basi tunapocheka tucheke tukiwa tumekwisha kumhudumia. Mengi ya mateso yale hutokana na kola iliyofungwa vibaya au nyumba isiyopangwa. Kola iipite pua kidogo. Ikiwa fupi mnyama atafikia kidonda, ikiwa ndefu mno hataweza kula. Shingoni paingie vidole viwili kati ya mkanda na ngozi. Sahani pana iliyo chini hufaa, au bakuli dogo lililoinuliwa juu ya tofali ili kola ipite pembeni yake bila kukwama. Ndoo nyembamba ya maji iondoe, maana hataweza kuingiza kichwa. Stuli, ndoo za kufulia na jiko la mkaa visogezwe pembeni, hasa jiko, kwa sababu plastiki na moto havipatani na yeye haoni pembeni. Asiachwe barabarani peke yake. Pikipiki inayotokea ubavuni hataiona.

Jambo la maji nataka nilisisitize. Watu wa pwani wanaijua hadithi ya Mtume kuhusu mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake cha ngozi, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Mbwa mwenye kola anayezunguka bakuli asilolifikia ana kiu ile ile. Inatosha mtu mmoja wa nyumba, hata mtoto, kusimama naye asubuhi, mchana na jioni mpaka ahakikishe amekunywa. Daktari akikubali, kola inaweza kufunguliwa wakati wa mlo huku mtu anamtazama, kisha irudishwe kabla mtu huyo hajaondoka. Kabla, na si baada ya kupokea simu.

Ndoo ya rangi na kifua cha babu

Wapo wanaosema kola ni anasa ya matajiri wa Masaki na Karen. Hapana. Madaktari wa wanyama wamekuwa wakitengeneza kola kwa filamu za eksirei zilizokwisha kazi, kwa sababu ni nyepesi, ngumu kiasi na hupinda vizuri. Nyumba zetu nyingi zina filamu hizo ndani ya bahasha kubwa ya hospitali, chini ya godoro au juu ya kabati: kifua cha babu cha mwaka ule alipokohoa, mguu wa mjomba ulioteguka. Kata vizuri, zungushia plasta ukingo wote ili usimkate mnyama shingo, funga kwa kitambaa. Jua likipiga, paka anapita uani na mbavu za babu zinaonekana vizuri zimemzunguka kichwa. Kama kuna mtu atakayeona hilo asicheke, namwonea huruma.

Kwa mbwa mkubwa watu hutumia ndoo ya plastiki iliyotobolewa kitako, imeoshwa vizuri ikatakata, na tundu la shingo likazungushiwa kitambaa kinene. Kwa kidonda cha tumbo peke yake, fulana kuukuu ya mtoto inaweza kusaidia: miguu ya mbele ipite kwenye mikono, pindo lifungwe fundo mgongoni. Mbwa aliyevaa fulana ya timu ya mpira hupata heshima kubwa au matusi makubwa mtaani, kutegemea matokeo ya Jumapili. Siku hizi kuna kola za kitambaa na za kujaza hewa pia. Zote ni halali, sharti moja tu: mwonyeshe daktari kwanza, halafu kaa umtazame mnyama kwa muda. Akikifikia kidonda, kifaa hicho hakifai hata kama kinapendeza.

Ninayempenda katika habari hizi ni Winnie Au, mpiga picha wa Brooklyn, New York. Aliwavisha mbwa kola zilizotengenezwa kwa usanii, akawapiga picha za heshima, macho mbele, kichwa juu, na baadaye akatoa kitabu cha picha hizo. Sehemu ya mapato ya kazi yake huenda kwenye mfuko wa shirika la Animal Haven wa kulipia matibabu ya wanyama waliookolewa. Huyo ameona yale yale tunayoyaona sisi mtaani, akacheka, kisha akakipa kicheko kazi ya kufanya. Je, vijana wetu wenye simu nzuri na jicho la utani hawawezi? Picha moja ya mbwa mwenye kola iliyopambwa vitenge, na chini yake maneno matatu ya kumsihi mwenye mbwa asiivue, itafika mbali kuliko karatasi ya maelekezo inayotupwa mlangoni mwa zahanati.

Bili inakuja nyumbani

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono ukichanika, nyumba hulipa usafiri tena, dawa ya usingizi tena, nyuzi tena, na dawa za kuua bakteria juu yake. Pesa hiyo ilikuwa ya gesi, au ya daftari za watoto. Familia nyingi hushindwa kuilipa mara ya pili na humwacha mnyama ajiponee mwenyewe. Watoto ndio wanaokaa naye bandani wakimpepea nzi.

Kisha habari husambaa. Mbwa wa fulani alipelekwa kufungwa kizazi, akaoza tumbo, akafa. Hakuna anayetaja kwamba kola ilivuliwa. Kinachobaki mtaani ni kwamba upasuaji unaua mbwa, na majirani kadhaa waliokuwa wanafikiria kupeleka wa kwao wanaahirisha. Jike asiyefungwa kizazi anazaa, watoto wanagawiwa mpaka hakuna tena wa kuwachukua, na wanaobaki hutupwa jalalani. Wakinusurika wanakuwa mbwa koko, hawana mwenyewe wala chanjo.

Hapo ndipo kicheko cha kijiweni kinapogusa afya ya watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote Asia na Afrika. Hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na takriban asilimia 40 ya wanaofariki ni watoto wa chini ya miaka 15. Kinachozuia ugonjwa huo ni chanjo, na kola haina chanjo ndani yake. Lakini mtu humpeleka mbwa kwa daktari pale anapomwamini daktari. Mashirika ya kutetea wanyama kama KSPCA ya Kenya na TAWESO ya Tanzania yanahimiza mbwa wachanjwe na wafungwe kizazi, na kila mshono unaochanika kwa sababu ya haya ya mtu mmoja unayaharibia kazi.

Madaktari nao nawaomba kitu. Msimkabidhi mtu mbwa mwenye kola halafu mkamwambia tu asiitoe. Mwambieni kwamba atachekwa. Mwambieni mbwa atagonga geti, atachota mchanga, atarudi kinyumenyume, na kwamba hayo ni kawaida na yatapungua kesho kutwa. Mtu aliyeandaliwa hucheka na majirani zake. Asiyeandaliwa huwakimbia.

Mwizi naye akicheka?

Hoja ya mwisho ninayoisikia kila mara ni ya ulinzi. Mbwa tunaowafuga wengi ni walinzi, na mwenye nyumba hujiuliza: usiku mwizi akiruka ukuta akamkuta mbwa kavaa dishi, si atamcheka tu na kuendelea na kazi? Hoja hiyo ina uzito kwa mtu ambaye hana walinzi wala nyaya za umeme ukutani, naye anastahili jibu la maana.

Mbwa hulinda kwa sauti kwanza. Mwizi mwenye akili hakai kuhesabu meno. Anaondoka akisikia mbweko umeanza na taa ya ndani imewaka. Kola haizuii kubweka. Na mbwa mwenye mshono tumboni hapaswi kumrukia mtu hata kidogo, awe na kola au asiwe nayo, maana mruko mmoja unatosha kuuachia. Kwa hiyo usiku wa siku hizo mbwa alale varandani au jikoni, mahali ambapo akibweka mtamsikia. Taa ya nje iwashwe, na majirani waambiwe, tena wale wale wanaocheka. Jirani aliyeambiwa huwa anasikiliza.

Mlinzi mmoja wa usiku kule Mbezi alinisimulia zamu zake na mbwa mwenye kola. Kila mbwa alipojigeuza bandani, plastiki iligonga mabati, mbwa akashtuka na kubweka, mbwa wa nyumba za jirani wakamjibu, na taa zikawaka mpaka mwisho wa barabara. Hakuna kibaka aliyekaribia, na mlinzi hakupata nafasi ya kusinzia. Bosi wake alifurahi hata akauliza kama kola inaweza kubaki moja kwa moja. Haiwezi. Nyuzi zikitolewa, na kola itoke siku hiyo hiyo.